Jina Safi Nililokufulia

Maruku, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Mugisha,

Mimi ni mzima, ila hofu ninayo, na hofu yenyewe ni wewe. Wazee wetu walipoandika kwamba hofu iko kwa anayeandikiwa, walimaanisha tu kwamba wamemkumbuka. Mimi namaanisha hivyo hivyo nilivyoandika.

Umekwenda Bukoba mjini kuagana na marafiki zako na nyumba imetulia. Begi lako liko tayari karibu na mlango. Kesho unahamia Muleba kuanza biashara yako ya kununua mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa sangara, kwa wavuvi, na baba mwingine angekaa hapa akuandikie ulale kwenye chandarua, usimkopeshe mtu usiyemjua. Hayo unayajua. Umeshakuwa mtu mzima, mtu wa kunikumbusha mimi kunywa dawa za presha. Nataka kukuandikia juu ya ile bastola unayoiomba.

Najua umeshakunja uso. Soma hivyo hivyo.

Utaratibu unaujua kuliko mimi, maana uliufuatilia kama mtu anayefuatilia mahari. Unajaza fomu, halmashauri ya kijiji inakujadili, ikikupitisha mambo yanakwenda kata, kisha wilayani, na polisi wanachukua alama za vidole na kutazama kama una kesi au rekodi yoyote mbaya. Kila ngazi inauliza swali lilelile: huyu mtu ni nani? Na kila ngazi inaitegemea ya chini yake imjue. Ukishuka mpaka mwisho kabisa unakuta wanaotegemewa ni majirani na mzazi. Sijui kama aliyetunga utaratibu huo alipata kuzaa, kwa sababu mzazi ndiye shahidi mbovu kuliko wote.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji alinipitia nikiwa napalilia. Alisimama kwenye kivuli cha migomba akapunga kofia yake.

"Ta Ishengoma, waitu, mwenzetu, hili la kijana wetu ni la kupitisha tu," alisema. "Tutakuita ukae mbele kidogo kama mzazi, useme neno moja, basi. Polisi hawana kitu juu yake. Jina lake ni safi."

"Hawana kitu kwa sababu gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mzee nawe! Kwa sababu hakuna."

Alipoondoka nilibaki nimeegemea jembe. Jina lako ni safi, ni kweli. Lakini nguo haiwi safi kwa sababu haikuchafuka. Kuna mtu aliyeifua, na mtu huyo anazo kumbukumbu za madoa yote.

Nianze na migomba. Tumekaa miaka na hili neno bila kulitamka humu ndani, kana kwamba migomba ile ilianguka kwa upepo.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne. Baba yako mdogo Kaijage aling'oa mlamula mmoja, ule mmea tunaopanda kuonyesha mpaka, akaupandikiza hatua chache ndani ya kibanja chetu. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa dogo. Mdogo wangu amekuwa mdokozi wa vitu vidogo tangu utotoni, na mimi nilipanga kumsema Jumapili baada ya ibada. Wewe ulikula, ukanawa mikono, ukamtakia mama yako usiku mwema. Asubuhi tukasikia mke wa Kaijage akilia kama mtu aliyefiwa.

Migomba yao yote ya upande wa barabara ilikuwa imelala chini, na mikungu michanga ilikuwa bado inadondosha utomvu. Jambo lililonitisha halikuwa wingi wake. Mtu mwenye hasira hukata ovyo, mmoja juu, mwingine chini, panga likichoka anaacha. Wewe ulikata yote kwa urefu mmoja, usawa wa kiuno, mstari baada ya mstari. Uliifanya kama kazi. Nilikukuta nyuma ya nyumba unanoa panga ulirudishe mahali pake, na ukaniamkia kwa heshima zote.

Mgeni angesema ni ndizi tu. Wewe na mimi ni Wahaya, na tunajua anayeikata migomba ya mwenzake amemwambia nini. Hajamwambia kwamba amekasirika. Amemwambia asile tena, asiishi hapa.

Kaijage alitaka kwenda polisi. Alikuwa ameshavaa viatu. Nilimkimbilia barabarani nikamshika mkono, nikamwambia mtoto ni mdogo, ukimwandikisha huko jina lake litaharibika maisha yote. Nikaita wazee wa ukoo. Tulitoa mbuzi, tukaleta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikazunguka, nawe ukapiga magoti ukaomba radhi kwa sauti nzuri. Kaijage akaapa mbele ya wazee kwamba hatalitaja tena jambo lile. Tukasema yamekwisha nyumbani. Unajua sisi tunavyolipenda neno hilo. Siku ile nilitembea kijijini kifua mbele, nikijiona mpatanishi mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

Mama yako, Mungu ampumzishe, hakusherehekea. Alikuwa akiosha vikombe akaniambia bila kugeuka: "Baba Mugisha, huyu mtoto kila akipata kidonda wewe unafunga kitambaa juu ya uchafu. Siku moja kitanuka, na hapo mimi sitakuwepo." Nilimwambia wanawake wanapenda kukuza mambo. Maneno yake yote mawili yametimia.

Sasa nikupe habari ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata yeye.

Babu yako alipofariki na matanga yalipomalizika, wazee walinisimika mrithi kama unavyokumbuka. Walinikalisha kwenye kigoda chake, wakanipa mkuki wake, na baada ya mkuki wakanipa gobore lake, lile alilotishia nalo nyani. Hakuna aliyeona tofauti. Kwetu sisi kitu cha marehemu kinapita mkono kwa mkono, ukoo unashuhudia, basi. Nikavitundika vyote viwili ukutani sebuleni na wageni wakasifia.

Yakaja matangazo ya uhakiki wa silaha, kwamba kila mwenye bunduki aipeleke polisi ikaguliwe. Mimi nililifunga gobore kwenye mkeka nikaenda nalo Bukoba nimevaa koti. Askari aliyenipokea alitafuta namba iliyochongwa kwenye chuma, akaipata kwenye kumbukumbu zake, akanitazama.

"Mzee, mwenye silaha hii amefariki. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mrithi," nikajibu, tena kwa majivuno.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakunikaripia. "Mkuki unarithiwa, mzee wangu. Bunduki inaombwa. Mwenyewe akifa, inarudi hapa, na anayeitaka anaanza upya kama mgeni."

Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa kijana mwenye adabu. Akaniambia atalipokea, nami nikitaka nilete maombi. Kisha akaniuliza maswali ambayo ningeulizwa, ili nijiandae. Nitalihifadhi wapi? Nina ugomvi na mtu? Na nyumbani kwangu, katika wanaoishi nami, yupo mwenye hasira za kutisha au anayeweza kuitumia vibaya?

Nikamwambia nitarudi na majibu. Niliporudi nyumbani, uliponiuliza bunduki ya babu iko wapi nilikwambia serikali ina usumbufu, nenda rudi haziishi. Nikawaambia na wazee hivyo hivyo, wote wakailaumu serikali. Ukweli ni kwamba njia nzima nilikuwa naiona ile migomba iliyokatwa usawa wa kiuno. Sikurudi kwa sababu sikutaka bunduki ilale chini ya paa moja na wewe.

Unaona basi. Uchunguzi wanaotaka kukufanyia sasa, mimi nilishakufanyia zamani, peke yangu. Hukufaulu. Na matokeo nikayaficha.

Ningeyatoa wakati ule, pengine Asimwe angekuwa bado anatafuna chakula pande zote mbili. Yule binti wa Kemondo uliyeishi naye mwaka juzi. Baba yake alipokuja hapa akiwa naye, taya limefungwa kanga, niliwakaribisha chai. Chai, Mugisha! Binti hawezi kufungua mdomo, nami nammiminia chai. Kesho yake nikapanda gari kwenda Kemondo, nikavua kofia nikapiga magoti kwa ndugu zake, nikatumia uzee wangu wa kanisa na mvi zangu, nikarudi na ahadi ya baba yake kwamba hawatakwenda polisi. Wewe ulinipokea pale njia panda ukasema, "Asante, Baba, wewe ni mtu wa watu." Nilifurahi, nakiri. Mwana akimsifu baba, baba anakuwa mjinga.

Ndivyo jina lilivyofuliwa. Ndiyo maana polisi hawana kitu. Wao wanaandika kinachowafikia, na mimi nilisimama njiani nikirudisha watu makwao.

Hata hivyo, ulipoleta maombi haya nilitaka kuamini. Ulisema utakuwa unatembea na fedha za wavuvi na majambazi wapo. Ni sababu nzuri, na watu wengi wema wanaomba silaha kwa sababu hiyo hiyo, wanazitunza vizuri mpaka wanazeeka. Nilijiambia mtu hubadilika. Nilikuwa tayari kwenda kusema lile neno moja la mwenyekiti.

Kisha ukaleta sanduku.

Ulisema sheria inataka silaha ifungiwe kwenye chuma, ukachongesha lako kwa fundi wa kuchomelea kule Nshambya, nalo likaja kabla hata ya kibali. Nikasaidia kulishusha kwenye gari. Nilidhani utalipeleka Muleba. Ukaja na nondo na saruji ukalifunga ukutani chumbani kwako, hapa. Kila siku napita mlangoni naliona, tupu, mlango wazi, na ufunguo wake umeuvaa shingoni. Fedha zitakuwa Muleba, Mugisha. Wavuvi na majambazi wako Muleba. Sanduku liko hapa, na dirisha la chumba hicho linatazama kwa Kaijage.

Juzi nilikuuliza kwa mzaha tulipokuwa tunanawa kabla ya kula. Nikasema, "Hili sanduku si ungelipeleka kazini, au unaogopa baba yako mdogo atahamisha mlamula mwingine?" Nilitaka ucheke. Ulicheka kweli. Ukajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, ukasema, "Ameshaanza, Baba, nimeona. Ila safari hii sitakata migomba."

Kisha ukaomba chumvi.

Sijalala vizuri tangu hapo. Nimeyageuza maneno yale kila upande nikitafuta maana nyingine. Nilijiambia labda umemaanisha utakwenda baraza la ardhi, labda umekua. Lakini sauti ile ninaijua. Ndiyo uliyomtakia nayo mama yako usiku mwema.

Jana nilikwenda kwa Kaijage kumwonya. Alikuwa akirekebisha uzio wa mbuzi. Nilimwambia mdogo wangu, urudishe huo mmea mahali pake leo hii, na ukae mbali na mpaka, na likija jambo la kijana kwenye mkutano useme unachokijua. Alinitazama kwa mshangao mkubwa.

"Kaka, si tuliyamaliza? Nilikunywa kibuyu mbele ya wazee. Nikilitaja leo mimi nitakuwa mtu wa namna gani?"

Nilitaka kumtikisa. Mwizi wa mipaka, lakini kiapo anakishika! Mlamula ameurudisha, nimeuona kwa macho yangu. Midomo yake hataifungua, kwa kuwa niliifunga mimi. Wazee nao hivyo hivyo. Baba yake Asimwe naye hivyo hivyo. Kijiji kizima kina mtu mmoja tu asiyefungwa na kiapo chochote, ndiye mimi niliyewaapisha.

Kwa hiyo leo mchana, ulipoondoka, nilivaa koti nikaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Unamjua, yule binti mpole aliyehamia juzijuzi. Nilimwambia nimekuja kusema juu ya maombi ya mwanangu na sitaki kungoja mkutano, kwa sababu mkutanoni nitaona nyuso za watu nitalegea. Nikamweleza migomba, gobore, Asimwe, na maneno ya kwenye kunawa. Aliacha kuandika katikati.

"Mzee, una uhakika? Huyu ni mwanao wa kumzaa."

"Ndiyo maana nina uhakika, mama," nikamjibu.

Aliniuliza kama nilikuwa tayari kuweka sahihi. Niliweka. Nikamrudishia kalamu yake. Amesema yatakwenda kata na wilayani pamoja na maombi yako, na kwamba kwa jinsi yalivyo hawezi kuona nani atayapitisha. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi nikalia. Watu walidhani nimepata habari ya msiba.

Usitafute aliyekuchongea. Ni mimi, baba yako.

Nakupenda, Mugisha. Nimekubeba mgongoni ukiwa na homa mpaka zahanati, usiku, mvua inanyesha, na njia nzima ulikuwa umenishika shingo kwa mikono miwili. Ningeweza kukubeba tena leo na huu mgongo mbovu. Na ninakuogopa. Sikujua kama vitu hivi viwili vinaweza kukaa katika kifua kimoja, lakini vinakaa, na vyote viwili vinakula.

Nimejifunza hili kwa kuchelewa: kila nilipokuokoa, kuna mtu mwingine niliyemwacha mikononi mwako. Nilidhani nafuta makosa yako, kumbe nilikuwa nafuta njia ambayo wengine wangeitumia kukimbia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nautumia msemo huu kanisani nikiwasema wengine.

Sitakwambia namna ya kuishi huko uendako. Hasira yako ni ya baridi, wala siijui dawa yake. Ya kwangu ilikuwa ya moto, ilikwisha yenyewe kama moto wa majani makavu. Najua tu kwamba hata siku moja hukuachwa ulipe. Mbuzi walikuwa wangu, magoti ya Kemondo yalikuwa yangu. Pengine mtu asiyelipa hajui bei. Kama unataka kuanza, anza kwa Asimwe, na usiende mwenyewe, maana akikuona mlangoni ataogopa. Tafuta mtu anayemwamini, uulize atibiwe wapi lile taya, ulipe kwa jasho lako bila kuomba usamehewe.

Najua pia kwamba bastola zisizo na namba zinapatikana kwa mwenye fedha, na Muleba si mbali. Siwezi kukuzuia. Lakini kuanzia leo kuna mahali palipoandikwa wewe ni nani, na Kaijage akiumia hata ukucha, hawatahitaji kuuliza kijiji.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii kwenye begi lako, chini ya mashati, uikute ukiwa umeshafika. Nimeifunga nikaitia humo kabisa, kisha nikaitoa. Huo ungekuwa ufuaji mwingine.

Nitakukabidhi kesho asubuhi kabla hujapanda gari, nje, mbele ya nyumba, jua likiwa limeshatoka. Nitaweka viti viwili. Utaisoma ukiwa umekaa, mimi nikiwa nimekaa, na ukimaliza utanitazama usoni. Kama utataka kusema neno nitalisikiliza, hata likiwa laana. Nimemwomba Ma Kokugonza, jirani yetu, aje mapema kuanika kahawa yake kwenye ua wetu. Ameniuliza kwa nini wakati kwake kuna nafasi. Nimemwambia nahitaji mtu awepo.

Baba yako,
Ishengoma